Waliolala Hapa

Nilipewa chaki, kishikwambi, kizibao cha rangi ya ndimu
na swali la kufungulia kila mlango:
Ni nani waliolala hapa usiku wa kuamkia leo?
Si wanaoishi. Si wanaotajwa katika sala.
Waliolala.

Jengo lina ghorofa nane, lifti halina,
ngazi zina giza saa nne za asubuhi,
na Mzee Kageha wa nyumba kumi ananitangulia akikohoa:
"Fungueni, ni serikali,
lakini si ile ya kubomoa."

Chumba cha thelathini na moja.
Kuta: mawe. Paa: sakafu ya jirani.
Jibu hilo fomu haina, nikabonyeza zege.
Maji: ya jerikani, shilingi ishirini, yakija.
Choo: vyumba kumi na viwili, kufuli moja,
ufunguo unaning'inia kwa uzi wa kiatu.
Mifugo?
Kerubo alicheka hadi akaketi juu ya ndoo.
"Andika kunguni, dada. Hao hawana uzazi wa mpango."
Nikaandika sifuri.
Nikajikuna hadi ghorofa ya tano.

Kule nikakuta kitanda kimoja na mswaki miwili.
Musembi hupakia saruji mchana, Eneo la Viwanda.
Lokwawi hulinda lango usiku, Lavington.
Huyu akiamka kwenda, yule anarudi kulala
katika shimo lile lile la godoro, likiwa bado na joto.
Miaka minne. Huonana macho Jumapili,
wakapika ugali, wakabishana kuhusu mpira.
"Mkuu wa kaya ni nani?"
Wakatazamana.
"Kitanda," akasema Lokwawi.

Nikauliza swali langu la usiku.
Musembi alilala. Lokwawi je?
"Mimi nimeshahesabiwa. Saa nane, pale langoni.
Karani alinimulika tochi usoni,
akaniuliza nimezaliwa wapi, na kama nina redio."
Basi hapa nikaandika kaya ya mtu mmoja,
na mswaki wa pili nikaugeuzia mgongo.
Ukisoma jedwali, Lokwawi ni mkazi wa Lavington,
kwenye bustani ya maua na mbwa watatu wa Kijerumani.
Nilimwambia. Akatabasamu:
"Mwandikie mama Lodwar, atafurahi."

Ghorofa ya saba, Bi. Syombua. "Tuko watano."
Nikahesabu vichwa: wanne.
"Wa tano ni Kyalo. Alitoka Julai kununua mafuta ya taa."
Ulikuwa mwisho wa Agosti.
Sahani tano zilikuwa zimeinamishwa kwenye karai,
ya tano kavu.
"Alilala hapa usiku huu, mama?"
"Yeye sijui alikolala.
Ila mimi ndiye sikulala.
Niambie, mimi utaniandika wapi?"

Kishikwambi kilikuwa na asilimia sita ya chaji.
Mzee Kageha akaangalia ukuta.
Nikaandika wanne, nikachora namba juu ya mlango,
na chaki ikavunjika.
Kipande kilichoanguka kiliokotwa na mtoto wa jirani;
niliposhuka, tangi la maji lilikuwa na namba,
ngazi zilikuwa na namba,
hata yule paka mweusi alikuwa na tano ubavuni.

Malipo yetu yalichelewa, hilo liacheni.
Kitabu kilipotoka nilikisoma nimesimama, maktabani,
nikatafuta mtaa, nikatafuta kata,
nikafika kwenye wastani wa watu katika kaya:
wawili, nukta, halafu tarakimu.
Mwalimu wangu wa hesabu alikataza nusu ya mtu.
"Mtu ni mzima," alisema, "au umekosea kugawanya."

Nilikaa na ile nukta mpaka wakazima taa.
Ndogo, nyeusi, imesimama kati ya namba
kama mtu aliyefika mlangoni na galoni ya mafuta,
anasikia wenyewe wakila,
na hajui abishe vipi.